Mtoto Mwenye Surua

Rebeka alifika kwenye matanga ya Tantine Zawadi na mkungu wa ndizi kichwani, mwanamke wa rika langu ambaye magoti yake sasa yanalia kuliko yangu, na yangu yanasikika mpaka Fizi. Alikuwa ameshuka kwenye boti la mchana kutoka ng'ambo ya ziwa. Tangu alipotoroka hapa Baraka akiwa msichana hatukuwa tumeonana uso kwa uso, sauti tu kwenye simu. Bamama waliokaa kwenye mikeka waliinuka wote kumpokea, naye akautua mkungu kwenye kizingiti cha nyumba ya marehemu, akasema, "Ndiyo ndizi za batoto bake hizi. Nimemuletea." Kilio kikaanza upya. Mimi nilikuwa uani nikisonga bugali ya mji mzima, na nikisema mji mzima siongezi chumvi, waliokosa siku ile ni waliokuwa hospitali. Nikaacha mwiko, nikasogea kumkumbatia rafiki yangu, na macho yakaangukia mwisho wa mkungu. Kikonyo kilikuwa kitupu, kisafi, kama mfupa uliolambwa. Ndizi yetu haikuwa na kikonyo kitupu hata siku moja. Ile ilikuwa inashikilia maganda ya ua lake mpaka yanakauka, yanajikunja, yanakaa pale kama bibi aliyevaa vikwembe vyake vyote kwa wakati mmoja. Nilimkumbatia Rebeka, nikalia naye. Lakini nilikuwa nimeshajua, na kuanzia hapo matanga yangu yakawa mawili.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Kila ukoo una mjomba mlevi na shamba lililogombaniwa, chukua wa kwako uweke hapo. Inatosha kujua kwamba mwaka ninaousema nilikuwa msichana mwenye meno yote, naishi kwa Tantine Zawadi, yaani shangazi Zawadi, muuza ndagala, hao dagaa wa ziwa letu, na jioni nasoma. Vita ile ya pili ya Kongo ilikuwa imeshakaa nchini kama mgeni asiyeulizwa ataondoka lini. Shule ya mchana ilikuwa imefungwa na kufunguliwa mara nyingi hata walimu wenyewe walisahau tulipoishia, basi parokia ikaanzisha masomo ya jioni, yaani saa za jua kuzama, ili kila mtu awe kwake kabla ya giza. Mimi Feza ndiye mhitimu bora wa masomo ya jioni katika Kivu ya Kusini yote, ukitaka uhakika uliza kwenye uchochoro wetu. Somo la biolojia alitufundisha Agronome. Jina lake la ubatizo alikuwa nalo, lakini Baraka nzima ilimwita Agronome, yaani bwana kilimo, hata mke wake, hata mbuzi wake nadhani. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kwaya, na alikuwa amesoma mbali akarudi na masanduku ambayo kila mtu alidhani ni nguo.

Wakati ule migomba ilikuwa inakufa. Jani lilianza kuwa njano, likalegea, mgomba mzima ukanyauka kama mwavuli uliofungwa ukiwa umelowa. Ndizi ziliiva kabla ya siku zake, ukizikata ni nyeusi ndani, na ukikata shina linatoka usaha. Kutoka ufukweni mpaka kupanda Fizi mashamba yalinuka. Agronome alitueleza darasani kwamba ugonjwa unasafiri kwa panga, na kwa wadudu wanaonyonya pale maganda ya ua yanapodondoka na kuacha kidonda. Rebeka, aliyekuwa ameshuka kutoka Bibokoboko, kule milimani kwa wafugaji, kusoma na kulala kwa familia moja ya kanisa lao, akanyoosha mkono. "Agronome, kwetu kwa mama iko shina moja haikufa. Ingine yote ya shamba ilikufa, ile moja hapana. Ua yake haipukutishi maganda." Chaki ilianguka. Nasema ilianguka, Agronome mwenyewe aliniambia baadaye kwamba aliiweka mezani, lakini mimi niliisikia.

Ndivyo ndugu wa Rebeka alivyoshuka siku ya soko na machipukizi machache yaliyofungwa kwenye majani, pamoja na kibuyu cha maziwa na salamu za mama yake: hizi ni batoto bangu, musibatupe. Wengi walisema tuyapande tu, shida iko wapi. Agronome akasema shina moja linazaa machipukizi ya kuhesabika kwa mwaka, na ugonjwa unakula mashamba kwa wiki. Tukingoja tutaona wajukuu wetu wanakula hadithi ya ndizi. Kwenye masanduku yake mlikuwa na njia nyingine. Unachukua chipukizi, unalivua ganda baada ya ganda kama unavyomvua mtoto nguo za baridi, mpaka unafika kwenye moyo, kitu cheupe kidogo kuliko karanga. Moyo huo unauweka ndani ya chupa safi yenye chakula, unaufunga. Unageuka kijani, unavimba, unatoa vichwa vingi. Unavitenganisha, kila kimoja chupa yake, navyo vinazaa tena. Kabla mvua haijarudi, chipukizi moja linaweza kuwa kijiji.

Chumba chetu kilikuwa stoo ya ndagala. Tulikisugua kwa javeli, ile dawa ya kutoa madoa, mpaka kuta zikaomba huruma, lakini harufu ya samaki haikutoka, na leo nikisikia ndagala wanaanikwa nawaza migomba. Rafu tulizitengeneza kwa mbao za mtumbwi uliovunjika. Kabati la kioo la muuza mikate tuliligeuza kuwa sanduku la kukatia: mikono inaingia kwa matundu mawili, pua inabaki nje. Chupa zilikuwa za mayoneze, za jamu, za maziwa ya mtoto, zimechemshwa kwenye sufuria ya presha iliyopiga filimbi kama treni ya Kalemie. Chakula kilikuwa sukari, wanga laini wa mihogo wa kukishikamanisha, na unga wa chumvi chumvi kutoka kwenye mikebe ya Agronome. Rebeka alikiita bugali ya batoto. Vifuniko vilikuwa plastiki iliyokazwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Na kwa kusafishia mikono na visu, spirito ilikuwa haipatikani, basi Agronome alinunua kanyanga, gongo ya kwetu, akaipitisha motoni tena mpaka ikawa kali ya kuondoa rangi ya kucha. Mama aliyeipika alimwambia, "Agronome, hao batoto bako banakunywa kuliko polisi!"

Hapo ndipo shida ya wageni ilipoanza. Kwetu mtu akizaa unakwenda kumwona mtoto. Unakwenda na sabuni, na unga wa uji, unambeba, unampulizia usoni kidogo, unamsifu pua. Kukataliwa mlangoni ni kutukanwa. Sasa neno lilienea kwamba kwenye stoo ya ndagala kuna batoto, na bamama wa soko wakaja na sabuni zao wakamkuta Rebeka kajisimamisha mlangoni, mrefu, mpole, anasema hapana kuingia. Tantine Zawadi ndiye aliyekasirika kuliko wote. Alisimama dirishani, kwenye kitambaa cheupe kilichopitisha mwanga, akapiga kelele, "Munabafunga midomo! Mutoto gani anaishi bila kupumua?"

"Hewa ya inje iko na ugonjwa, Mama," Agronome akamjibu.

"Hewa ya inje? Mi nilizalia mu hiyo hewa, nikazikia mu hiyo hewa. Nyinyi munafuga batoto mu bokali kama pilipili!"

Alikuwa amezika, kweli. Hakuwahi kutaja, na mimi sikuwahi kuuliza, lakini kwenye chumba chake kulikuwa na shuka dogo lililokunjwa ambalo halikufuliwa. Mchana alituletea chakula: bugali, sombe ya majani ya mihogo iliyotwangwa na mawese, samaki mdogo wa kukaanga. Tulikula kizingitini tukiwa tumepokezana zamu ya kunawa. Rebeka, ambaye kwao ni maziwa na maharage, alijifunza kula ndagala na vichwa vyake, na Tantine akasema sasa huyu ni wa kwangu, amekula macho. Kila siku kabla ya kuondoka Tantine aliuliza kupitia kitambaa, "Batoto banalala?" na Rebeka akajibu, "Banalala, Tantine." Ikawa kama sala.

Mizizi ilipotoka tuliwahamisha baadhi ya wale migomba wadogo kwenye udongo, chini ya makuti, tukawapunguzia kivuli polepole, kisha tukapanda nao Fizi, kwenye shamba lililokufa ambalo mwenyewe alilitoa kwa kukata tamaa. Nilibeba kikapu kile juu ya mlima bila kupumzika. Basi, nilipumzika, lakini kwa heshima. Walipokomaa kidogo Agronome akafanya jambo ambalo sikumwamini. Alichukua panga lililotoka kukata mgomba mgonjwa, linanata utomvu, akamkata nalo mtoto wetu wa kwanza kwenye jani. Rebeka akageuka akalia waziwazi. "Namna gani unamupa mutoto ugonjwa na mukono yako?" Agronome akasema, kwa sauti isiyokuwa ya kwaya, "Kama hatumujaribu sisi, watu watamupanda, watakufa na njaa sababu yetu." Kando yake alikuwa amepanda chipukizi la kawaida, nalo alilikata vilevile. Tulishuka. Tuliporudi tena baada ya majuma, la kawaida lilikuwa limeanguka, jeusi. Wa kwetu alikuwa bado amesimama. Nilicheza pale shambani mpaka mwenye shamba akadhani nimepandwa na pepo. Agronome hakucheza. Alisema, "Bado. Tungojee bakomae, bazae." Lakini alikuwa anatabasamu mpaka masikio yakasogea.

Ukuta wa stoo yetu ulikuwa wa mbao, na upande wa pili ndipo wauza samaki walipopumzika. Mwaka mzima tulisikia dunia kupitia ukuta ule: nani kaolewa, nani kaonekana na soksi mpya. Siku moja mchana, Rebeka akiwa na mikono ndani ya kabati la mikate, sauti ya mwanamume ikasema upande wa pili, "Yule binti wa milima angali mule?" Mwingine akajibu, "Iko. Banasema banamuficha na chupa zake." Wa kwanza akasema, "Siku zake zinahesabika." Kisha wakazungumzia bei ya nyavu. Rebeka hakuitoa mikono. Alimaliza kukata moyo aliokuwa anaukata, akauweka chupani, akafunga, akavuta mpira, ndipo akaniangalia. Wiki ile kulikuwa na mauaji huku na mauaji kule, watu wa chini, wa ziwani, wanalia waliouawa na watu wa juu, wa milimani, watu wa juu wanalia waliouawa na watu wa chini, na msichana mmoja aliyekuwa anapanda ndizi amegeuka kuwa jina la watu wote asiowajua. Bibokoboko palikuwa pamechomwa. Mama yake alikuwa amekimbia, wengine walisema Minembwe, wengine ng'ambo. Shina lake la mgomba lilikuwa ndani ya moto ule.

Rebeka alijificha chumbani mwetu, chini ya rafu, miongoni mwa batoto, na Tantine akawa anapitisha chakula ndani ya ndoo ya maji ya kusugulia. Agronome akapata boti la wauza chumvi linalovuka mchana, wakati ufuko umejaa watu, kwa kuwa mchana mtu hupotea kwenye watu. Aliamua Rebeka aende na chupa, zile nzuri zaidi. "Huku sijui kama tutabaki nazo," alisema. "Ukifika, utafute muntu yoyote anajua udongo. Usifungue njiani." Tulizifunga kwa pamba, chupa kwa chupa. Lakini wenye bunduki walikuwa wanasimama ufukweni na kupekua mizigo. Hapo Tantine Zawadi akasema niondoke, anajua atakavyofanya, akaingia na Rebeka chumbani kwake.

Walipotoka, Rebeka alikuwa na mtoto mgongoni. Zile chupa zilikuwa zimekunjwa ndani ya lile shuka dogo lisilofuliwa, zikafungwa kwa kitenge, na juu yake kitambaa, ungeapa ni mtoto wa miezi kadhaa amelala. Rebeka alikuwa ameinama chini ya mzigo, kichwa kimefunikwa, uso umepakwa mawese na masizi kama mwanamke aliyekesha na mgonjwa. Tantine alimshika mkono, mimi nikafuata na beseni la samaki. Pale ufukweni kijana mmoja mwenye bunduki akatusimamisha.

"Huyu nani?"

"Muke ya mutoto yangu."

"Ajifunue nimuone."

"Umuone nani? Uanze kumuona mutoto kwanza." Tantine akamgeuza Rebeka mgongo. "Iko na surua. Macho imefunga, mudomo imejaa vidonda. We uko na batoto? Kuja umushike, upelekee na ya kwako."

Kijana akarudi nyuma. Rebeka akajitikisa, na chupa zikagongana.

"Ni nini inalia hapo?"

"Chupa za dawa! Ulifikiri atapona na bunduki yako?" Na Tantine akaupiga mgongo ule polepole, akaimba, lala mama, lala, kwa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia, na hapa siongezi kitu. Mwaka ule surua ilikuwa inazoa watoto kila nyumba. Kijana akapunga mkono, "Pita! Pita mbali!" Rebeka akaingia botini bila kugeuka nyuma. Kama angegeuka tungelia, na mama wa mgonjwa wa kweli angelia pia, kwa hiyo sijui kwa nini tuliogopa. Boti likawa dogo, likawa nukta, Tantine bado anaimba.

Baada ya hapo hakuna kirefu cha kusimulia. Stoo ilivunjwa. Sufuria ya presha ilichukuliwa kupikia maharage ya askari, na chupa zetu nikaja kuziona sokoni zikipimia karanga, bado zina mikwaruzo ya namba tulizoziandika. Shamba la Fizi lilikatwa kupata uwanja wa mahema. Agronome alishika njia ya Lulimba na mikebe yake, akisema kule kuna mahali pametulia, hakurudi, na hakuna aliyeweza kutuambia alipolala. Zikabaki chupa za mgongoni kwa Rebeka. Amani ya karatasi ilipokuja, na simu zikaja, Rebeka akatupata kutoka ng'ambo. Swali la kwanza la Tantine halikuwa habari yako. "Batoto banalala?"

"Baliamuka, Tantine," Rebeka akajibu. "Banakomaa. Bamezaa."

Kila mwaka aliuliza, kila mwaka alijibiwa. Tantine aliwaeleza wote sokoni kwamba ana shamba la migomba ng'ambo ya ziwa lisilojua ugonjwa, lilitoka mgongoni. Nami nililiamini shamba lile. Niliongeza ukubwa wake kila nilipolisimulia. Nilikuwa nimelifikisha mpaka mpaka wa nchi.

Matangani, jua lilipoinama, tulijikuta wawili jikoni, mimi na Rebeka, tukichambua mchele. Nikamwambia, "Ile kikonyo iko tupu." Hakushangaa. Alichambua chembe kadhaa zaidi.

"Nilinunua sokoni," akasema. "Asubuhi ya leo."

"Na yetu?"

"Feza, nilifungua kitenge mule mu boti, tuko kati ya maji. Kila plastiki ilikuwa na kitundu. Kidogo, cha sindano. Kile sindano ya Tantine ya kushonea magodoro." Akashika pua yake mwenyewe kwa vidole viwili. "Alibatobolea pua. Kila mutoto kitundu yake, katikati kabisa, muzuri muzuri. Kabla ya kufika siku ya ibada ilikuwa ukungu mweupe kama pamba. Yote."

Nilimwona Tantine chumbani mwake, na lile shuka, akitoboa moja baada ya nyingine, akihakikisha.

"Ningemuambia namna gani?" Rebeka akasema. "Muntu alinitoa mu kufa. Na alikuwa anauliza kwanza juu yabo."

Hapo bamama wakaingia, mbele yao Mama Mapendo, jirani ambaye shamba lake nimeliona juzi limelegea kama mwavuli ule ule. Ugonjwa umerudi, au haukuwahi kuondoka. "Rebeka, mama," akasema, "tumeongea kule inje. Mashamba inakufa. Hatuombi mingi. Machipukizi ya ndizi ya Tantine, hata moja kila nyumba. Tutatuma batu na boti." Rebeka alifungua mdomo, na nikaona ahadi inakuja, ile ile aliyoizoea, nyepesi, yenye huruma. Na nikamwona Mama Mapendo anachimba mashimo, anangojea boti.

Nikatoka mpaka kizingitini, nikachukua kisu, nikakata mkungu vichana vichana, nikarudi nao nikawagawia, mmoja mmoja, mikononi.

"Mukule," nikasema. "Hii haipandwi. Ni ya soko, inakufa kama ingine. Ile ya Tantine haiko. Ilikufa mu maji, kabla ya kufika."

Mimi ninayejulikana Baraka nzima kwa kuongeza, hakuna aliyetilia shaka neno langu siku hiyo. Mama Mapendo akaketi kwenye kigoda, kichana mapajani kama kitu alichopewa akishikilie kwa muda. Alikuwa na mtoto wake wa mwaka ule wa boti, aliyemfia mikononi.

"Ilikufa na nini?" akauliza.

Rebeka alikuwa ananiangalia. Pale sebuleni, picha ya Tantine ilikuwa juu ya meza, na mshumaa.

"Surua," nikasema.

Mama Mapendo akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeujua ugonjwa huo. Akamenya ndizi, akanipa nusu. Ilikuwa tamu.